Ukitaka kitabu cha ramli ya Wachina

Ndugu msikilizaji, barua niliyoichagua wiki hii imetoka Nyamwaga, wilayani Tarime, mkoa wa Mara. Aliyeiandika ni kijana mwenye kibanda cha kutuma na kupokea fedha kwa simu. Anaanza kwa adabu: shikamoo mzee. Nami namjibu kama wanavyoitana kwao: marahaba, mura. Baada ya salamu anakwenda moja kwa moja kwenye haja yake. Anataka kujifunza ramli ya Wachina. Ameiona kwenye simu, imemvutia, na sasa anatafuta kitabu cha mtu anayeanza. Mfanyabiashara mmoja wa Mwanza amemtumia picha za vitabu vitatu, na fedha aliyonayo inatosha kununua kimoja tu. Je, achukue kipi?

Barua hiyo ina pia sababu ya swali. Kijana ameiandika chini kabisa, baada ya kutia sahihi, kwa herufi ndogo, kama mtu anayesema jambo akiwa tayari ameshika mlango. Sababu hiyo ni nzito kuliko swali lenyewe, nami nitaifikia. Lakini kuuliza si ujinga, na aliyeuliza habari ya kitabu anastahili kwanza kujibiwa habari ya kitabu.

Naomba nitangulize neno moja. Sheikh wako atakukataza ramli, na padri au mchungaji wako atakukataza vilevile. Sikuja hapa kubishana nao. Mimi mwenyewe sipigi ramli wala sipigiwi. Hata hivyo kitabu cha ramli ni kitabu kama vingine: kina mwandishi, kina historia, na kina bei. Mtu anayetoa fedha yake mfukoni ana haki ya kujua ananunua nini.

Tuanze na hili. Ramli ya Wachina si kitu kimoja. Ni sawa na mgeni kusema anataka kujifunza ngoma ya Waafrika. Utamwuliza: ngoma ipi? Ya Wamakonde, ya Wasukuma, au ya Wakurya? Kitabu cha kwanza kati ya vile vitatu kinahusu wanyama kumi na wawili, yaani panya, ng'ombe, chui milia, sungura na wenzao, wanaopokezana mwaka baada ya mwaka. Humo mtu huelezwa tabia na bahati yake kwa kutazama mwaka aliozaliwa. Sasa fikiria watoto wa darasa moja katika shule moja, wengi wao wamezaliwa mwaka mmoja. Je, wote wana tabia moja na bahati moja? Mwalimu wao atakucheka.

Kitabu cha pili kinahusu fengshui, elimu ya kuchagua mahali pa nyumba, mlango na kaburi. Neno lenyewe maana yake ni upepo na maji. Cha tatu ni kinene na kimejaa michoro ya mistari sita sita. Hicho ndicho Yijing, ambacho Wazungu walizoea kukiandika I Ching, yaani Kitabu cha Mabadiliko. Kama mtu anataka ramli ya kuuliza swali na kupata jibu, hicho ndicho kinachomhusu. Vile viwili vingine ni habari nyingine.

Kiini cha Kitabu cha Mabadiliko kina umri wa karibu miaka 3,000, tangu zama za wafalme wa Zhou. Kina sura 64. Kila sura ina mchoro wa mistari sita iliyopangwa kutoka chini kwenda juu, na kila mstari ama ni mzima ama umekatika katikati. Mistari ya aina mbili katika nafasi sita: mbili mara mbili, mara mbili, mpaka mara sita, utapata 64. Chini ya kila mchoro kuna maneno machache, mengi yakiwa ya mafumbo. Karne zilivyopita yaliongezwa maelezo kumi yanayoitwa Mabawa Kumi. Wachina wa zamani walisema yaliandikwa na Confucius. Wataalamu wa leo wanaona ni kazi ya watu wengine waliokuja baada yake. Mwaka 213 kabla ya Kristo mfalme wa Qin alipoamuru vitabu vichomwe, vitabu vya ramli viliachwa, na hiki kikaponea hapo. Mwaka 136 kabla ya Kristo watawala wa Han wakakiingiza katika vitabu vitano vikuu vya kusomwa na maofisa. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka elfu mbili kitabu hiki kimekuwa ramli, na pia kimekuwa somo la maadili na la utawala.

Msikilizaji wa Tanga, Unguja au Lamu ataona kwamba mambo haya si mageni sana. Neno ramli limetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya mchanga. Mpiga ramli wa pwani huchora vidoti kwenye mchanga au kwenye bao lake, mistari kumi na sita, haraka haraka bila kuhesabu. Halafu anahesabu viwili viwili ili aone kama mstari umebakiza kimoja au viwili. Kutokana na mistari hiyo anapata alama nne za kwanza zinazoitwa mama, na kutokana na mama hao anazaa alama nyingine mpaka ya kumi na tano, ambayo ni hakimu. Kila alama ina safu nne, kwa hiyo jumla ya alama zote zinazowezekana ni 16. Mchina anapanga mistari sita, sisi tunapanga minne. Huko Madagaska mpango kama huu unaitwa sikidi. Wayoruba wa Nigeria wana Ifa yenye alama 256.

Na hapa nikupe siri moja ya hesabu ambayo haimhitaji jini. Ukifuata kanuni zote za ramli ya mchanga, hakimu hupata daima vidoti vya idadi shufwa: vinne, sita au vinane. Hawezi kupata vitano wala saba. Mpiga ramli akikuonyesha hakimu wa vidoti saba, jua kwamba amekosea kuhesabu au anakuchezea shere. Ndiyo maana nasema kuijua elimu ni kinga hata kwa asiyeiamini.

Wakurya nao wana njia yao. Kwao yupo omorooti, mwonaji, anayepata habari zake kwa ndoto, bila bao wala mchanga. Kwa hiyo kijana wetu wa Nyamwaga hakuleta kiu kutoka China. Kiu ya kujua yasiyoonekana ilikuwapo nyumbani siku zote. Anachotafuta ni chombo kingine cha kuchotea.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Jambo la kwanza, tazama jina la mfasiri. Wengi wetu Kitabu cha Mabadiliko tutakisoma kwa Kiingereza, na Kiingereza hicho kimetoka kwa mtu. James Legge, mmisionari wa Kiskoti, alichapisha tafsiri yake mwaka 1882. Ramli hakuiamini hata chembe, lakini alifanya kazi kwa uaminifu, na kwa kuwa haki yake ya kunakili imekwisha, mtu yeyote anaweza kuisoma kwenye simu bila kulipa. Richard Wilhelm, mmisionari wa Kijerumani aliyeishi Qingdao, alifundishwa na msomi wa Kichina aitwaye Lao Naixuan, akatoa tafsiri ya Kijerumani mwaka 1924. Hiyo Cary Baynes akaitia katika Kiingereza, ikatoka mwaka 1950 ikiwa na dibaji ya Carl Jung, yule mtaalamu wa nafsi wa Uswisi. Mwaka 1994 Richard John Lynn alitoa tafsiri inayofuata ufafanuzi wa Wang Bi, msomi aliyefariki mwaka 249 akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Na mwaka 1996 ilitoka ya Richard Rutt, aliyepata kuwa askofu wa Kianglikana. Tazama basi: wamisionari wawili na askofu mmoja. Nao hawakuogopa kukisoma kwa makini.

Kwa nini jina la mfasiri lina maana? Nitakupa mfano wa neno moja tu. Katika sura nyingi limo neno la Kichina zhen. Legge analitafsiri kama unyofu na uthabiti. Wilhelm analiita uvumilivu. Rutt, akifuata uchunguzi wa maandishi ya kale, anasema hapo mwanzo maana yake ilikuwa kupiga ramli au jibu la ramli. Kwa hiyo palipoandikwa kwa mmoja kwamba uvumilivu unafaa, kwa mwingine pameandikwa kwamba ramli imekubali. Mtu mmoja atafunga safari na mwingine ataketi, kwa neno lile lile. Kitabu kizuri cha mwanafunzi kinakueleza tofauti hiyo. Kitabu kibaya hakina hata jina la mfasiri. Kimeandikwa tu juu ya jalada kwamba ni siri za Wachina, na siri isiyo na mwenyewe ni bidhaa ya magendo.

Jambo la pili, kitabu kitenganishe maneno ya kale na maelezo ya mwandishi. Ukifungua ukurasa usijue wapi Mchina wa miaka 3,000 ameishia na wapi mwuza vitabu ameanzia, kirudishe mahali pake.

Jambo la tatu, kikufundishe kurusha mpaka mwisho, na kikueleze hesabu yake. Njia ya zamani hutumia vijiti 50 vya mmea. Kijiti kimoja huwekwa kando na 49 hugawanywa na kuhesabiwa mara kadhaa kwa kila mstari. Njia rahisi ni ya sarafu tatu. Upande mmoja wa sarafu unahesabiwa tatu na wa pili unahesabiwa mbili. Ukirusha tatu kwa pamoja utapata jumla ya sita, saba, nane au tisa. Saba ni mstari mzima, nane ni uliokatika. Tisa ni mzima unaogeuka kuwa uliokatika, na sita ni uliokatika unaogeuka kuwa mzima. Unarusha mara sita, sura yako imekamilika.

Kwa sarafu, katika kila mirusho minane utegemee sita mara moja, saba mara tatu, nane mara tatu na tisa mara moja. Kwa vijiti mambo hubadilika: katika mafungu 16, sita huja mara moja, saba mara tano, nane mara saba na tisa mara tatu. Yaani ukibadili chombo unabadili pia uwezekano wa majibu. Mwandishi anayekueleza hilo anakuheshimu. Anayekuficha, halafu anakwambia nukta ya kina zaidi imo katika kitabu chake cha pili na cha tatu, huyo ni mwamba ngoma, na mwamba ngoma huvutia kwake.

Jambo la nne ni kubwa kuliko yote. Tazama kitabu kinakufundisha kuuliza swali la namna gani. Hapa naomba twende nyuma zaidi, kabla hata ya Kitabu cha Mabadiliko. Wafalme wa Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, walipiga ramli kwa mifupa ya mabega ya ng'ombe na magamba ya kobe. Mfupa ulitiwa moto, ukapasuka, na nyufa zake zikasomwa. Mifupa hiyo ilitambuliwa na wasomi mwaka 1899, na mingi imechimbwa karibu na mji wa Anyang. Jambo la ajabu ni kwamba maswali yalichongwa juu ya mifupa yenyewe. Je, mvua itanyesha? Je, mavuno yatakuwa mema? Je, twende vitani? Na katika baadhi ya mifupa waliandika baadaye kilichotokea.

Mfupa mmoja mashuhuri unamhusu Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, alipokuwa mjamzito. Iliulizwa kama atajifungua salama. Mfalme akasoma nyufa, akataja siku ambazo uzazi ungekuwa mwema. Zikapita siku 31, mama akajifungua siku nyingine, na mwandishi akachonga kwamba haikuwa njema, kwani aliyezaliwa ni msichana. Sasa huyo Fu Hao mwenyewe alikuwa mwanamke aliyeongoza majeshi vitani, na kaburi lake lilipofunguliwa mwaka 1976 lilikutwa limejaa silaha na vyombo vya shaba. Jumba lililokuwa na mwanamke kama huyo bado liliandika kwamba kuzaliwa msichana si jambo jema! Mfupa ule haukutueleza siri ya mbingu. Ulitueleza kilichokuwa tayari moyoni mwa watu waliousoma.

Na hapo ndipo nafika kwenye maandishi madogo ya chini ya barua. Kijana anasema hivi, nami nafupisha. Kaka yake amezika watoto wawili katika muda wa miaka mitatu, na wa tatu sasa anaumwa. Nyumbani wanataka kwenda kwa mpiga ramli. Wameanza kumtazama kwa jicho baya bibi mmoja, mjane wa baba yao mkubwa, anayeishi peke yake. Kijana hataki mpiga ramli wa jirani, maana anajua watu wa kijijini wanavyofahamiana. Anasema ramli ya Wachina haina upendeleo, haimjui mtu wa Nyamwaga, kwa hiyo hiyo itasema kweli.

Mura, nimekusoma mara tatu. Nakupa pole kwa misiba ya nyumbani kwenu. Na naona moyo wako ni mwema, kwa sababu unatafuta haki. Lakini nisikilize kwa makini.

Katika sura 64 za kitabu kile hakuna mahali palipoandikwa jina la bibi yenu. Kuna sura ya kisima, ya chungu cha shaba, ya msafiri, ya kungoja, ya mashauri na ugomvi. Tuseme sarafu zimeanguka, mmepata kisima. Aliyekwisha kumshuku yule bibi atasema: mnaona, si yeye anayechota nasi maji? Mngepata msafiri, angesema: mnaona, si yeye aliyesafiri juma lile mtoto alipougua? Mngepata kungoja, wangesema anangoja wa tatu. Sarafu hazikusema neno. Jina limetoka kinywani mwa msomaji, na msomaji si wa China, ni wa nyumbani kwenu. Mpiga ramli wa mjini anajua sana kazi hiyo. Anachohitaji kukijua ni methali moja tu, kikulacho ki nguoni mwako. Akishaitamka, wewe mwenyewe unaanza kuipekua nguo yako.

Hebu sasa nikufundishe ramli nyingine ya sarafu, na hii naiamini. Chukua sarafu mbili za shilingi 200. Moja ni ya baba, moja ni ya mama. Upo ugonjwa wa damu unaoitwa selimundu, wengine huuita siko seli. Mtoto huuzaliwa nao kama amepokea mbegu ya ugonjwa kwa baba na pia kwa mama. Mzazi mwenye mbegu moja tu mara nyingi haumwi, anaweza kulima na kucheza ngoma mpaka uzee asijue. Tuseme upande wa kichwa ndio mbegu ya ugonjwa. Rusha sarafu zote mbili. Zikianguka vichwa vyote viwili, mtoto huyo ana selimundu. Uwezekano wake ni mmoja katika nne, na kila mimba ni mrusho mpya. Rusha mara tatu na uandike. Kisha rudia, mpaka ujaze ukurasa. Utaona nyumba zilizopata watoto wote wazima, na utaona nyumba zilizopata wagonjwa wawili mfululizo, hata watatu. Wala hakuna bibi aliyeingia chumbani ukirusha.

Sisemi kwamba watoto wa kaka yako walikuwa na ugonjwa huo. Sikuwaona, na mimi si daktari. Malaria, nimonia na kuhara huua watoto pia. Nasema kwamba Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na mikoa ya Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa iliyoathirika zaidi. Dalili zake ni kama kuvimba mikono na miguu kwa mtoto mdogo, macho kuwa ya manjano, kupungukiwa damu mara kwa mara, na maumivu makali ya mifupa. Ugonjwa huo hupimwa kwa damu, na mtoto akijulikana mapema kuna dawa na kinga za kumsaidia kuishi. Hospitali ya halmashauri iko hapo hapo Nyamwaga. Mtoto wa tatu bado yu hai. Huyo ndiye swali lenu la kwanza, na swali hilo linajibiwa na daktari.

Msikilizaji mwingine atasema nakuza mambo. Sikuzi. Polisi wetu wameipa kazi ile jina lake, ramli chonganishi, kwa sababu wamechoka kuokota maiti zinazoachwa nyuma yake. Mwezi Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti, wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma, watu saba waliuawa baada ya kutuhumiwa uchawi. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, wakati nchi ilipokuwa ikiomboleza mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, haimhusu tu anayejidai mchawi, inamgusa pia anayemnyooshea mwenzake kidole. Na wanaonyooshewa kidole mara nyingi ni wale wale: mwanamke mzee, mjane, asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea, mwenye macho mekundu kwa sababu ya miaka hamsini ya moshi wa jiko la kuni.

Wazee wa Kikurya wana kitu kinachoitwa ritongo, baraza la watu wote, ambapo anayelalamika husimama na kusema, na anayelalamikiwa naye husimama na kujibu. Ritongo linaweza kukosea, kama mahakama yoyote inavyoweza kukosea. Lakini mshtakiwa yupo, anasikia jina lake likitajwa, na ana ulimi. Kwenye ramli chonganishi mshtakiwa hayupo. Anajua habari zake usiku, mlango unapovunjwa.

Basi, nikujibu ulichouliza. Katika vitabu vitatu, wa kwanza na wa pili havikuhusu. Cha tatu ndicho chenyewe, lakini kwanza mwulize yule mfanyabiashara jina la mfasiri. Akikutajia mmoja wa wale niliowataja, ujue hakuuzii upepo. Asipolijua, mwachie kitabu chake. Hata hivyo usinunue mwezi huu. Fungua simu, usome ya Legge bure, ingawa Kiingereza chake ni cha zamani na kitakutoa jasho. Fedha uliyoiweka akiba itumie kwa nauli na vipimo vya mtoto wa kaka yako, na kama wazazi wake watakubali, wapimwe nao. Kitabu kimengoja miaka 3,000, kitakusubiri mpaka Desemba.

Na siku utakapokisoma, shika kanuni moja. Uliza juu yako mwenyewe: nifanyeje, nikae au niende, nimekosea wapi kwa jirani yangu. Usiulize kamwe ni nani. Andika swali lako, andika tarehe, andika jibu ulilolisoma, kisha baada ya mwezi andika kilichotokea, kama waandishi wa Shang walivyochonga. Daftari hilo litakufundisha zaidi ya mwalimu yeyote wa ramli, awe wa Anyang au wa Mwanza.

Wengine mnaonisikiliza mjini, msidhani barua hii ni ya watu wa mbali. Wanaouza nyota, namba za bahati na majina ya maadui kwa ujumbe wa simu wapo Kariakoo na Mwanjelwa, na wateja wao wamevaa tai. Kipimo ni kile kile. Kitabu au mtu anayekurudishia swali mikononi mwako, unaweza kumsikiliza, hata kama humwamini. Anayekupa jina la mtu wa kumchukia, mwondokee upesi, na kabla ya kufika nyumbani pita kwa huyo aliyetajwa, umjulie hali.

Ndugu msikilizaji, muda wangu umekwisha. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwaherini.